Kafara na Kupambana: Hadithi Mbili Zinazotufumba Macho



Vijana wenzangu, kuna swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko swali lolote la katekisimu. Nimeulizwa Songea, nimeulizwa Mbinga mjini, na wakati wa likizo nimeulizwa Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tukiwa tumekaa na vijana baada ya ibada ya Jumapili. Swali lenyewe ni hili: "Frateri, hivi utajiri wa fulani ni wa kawaida kweli?"

Huyo "fulani" hubadilika. Leo ni msanii wa Bongo Fleva aliyeposti gari jipya, kesho ni mwigizaji, keshokutwa ni mfanyabiashara wa usipa aliyejenga nyumba ya bati la rangi pale kijijini. Lakini majibu huwa mawili tu, na mabishano huwa makali. Upande mmoja unasema: "Huyo ametoa kafara. Huyo ni Freemason. Angalia alama anazoonyesha kwa vidole kwenye video." Upande wa pili unasema: "Acheni wivu wa kimaskini. Jamaa amepambana. Nyie mmelala, mwenzenu alikuwa anatafuta."

Pande hizi mbili zinajiona maadui, kumbe ni watoto wa tumbo moja. Zote zimelelewa na nyimbo na filamu zile zile, na zote zinafanya kazi moja: kumlinda mwenye nguvu asiulizwe swali. Hilo ndilo nataka tulitazame leo, hatua kwa hatua. Naomba mnivumilie hadi mwisho, maana hili si jambo la kupigia soga. Watu wameuawa kwa sababu yake, na hawakuuawa mbali na kwetu.

Kisasili ni nini?

Mliosoma fasihi simulizi mnalikumbuka neno kisasili: hadithi inayoeleza asili ya mambo, kama vile kifo kilivyokuja duniani au ukoo ulikotoka. Tumezoea kudhani visasili ni mali ya mababu, na kwamba sisi wenye simu janja tumeshavuka huko. Si kweli. Kila zama zina visasili vyake. Vya kwetu vinakuja na biti na picha kali, basi.

Nilipokuwa nasoma falsafa, nilikutana na ukurasa mmoja wa Plato ambao sijaweza kuusahau. Katika kitabu chake cha Jamhuri, Socrates anapendekeza raia wasimuliwe kwamba Mungu alipowaumba, alichanganya dhahabu ndani ya watawala, fedha ndani ya wasaidizi wao, chuma na shaba ndani ya wakulima na mafundi. Anakiri wazi kwamba hadithi hiyo ni ya kutungwa. Lakini anaona ina faida: kila mtu atatulia mahali pake. Mkulima hatauliza kwa nini hatawali, kwa sababu jibu liko ndani ya mwili wake. Yeye ni shaba, hana la kufanya.

Miaka zaidi ya 2,300 baadaye, Mfaransa mmoja aitwaye Roland Barthes aliandika kitabu kiitwacho Mythologies, mwaka 1957. Humo anaeleza picha aliyoiona kwenye jalada la gazeti la Paris-Match: kijana mweusi amevaa sare ya jeshi la Ufaransa, anapiga saluti, macho yameinuka juu. Hakuna aliyedanganya hapo, kijana yupo na saluti ni ya kweli. Lakini picha hiyo inasema jambo kubwa kuliko kijana mwenyewe. Inasema dola la Ufaransa ni zuri, na hata waliotawaliwa wanalipenda. Kijana ametolewa historia yake. Alitoka wapi, nani alimchukua, baba yake alilipa kodi gani: yote yamefutwa. Imebaki saluti.

Hapo tunapata maana tutakayoitumia leo. Kisasili huchukua jambo lililofanywa na watu, kwa wakati fulani, kwa faida ya watu fulani, kikalifanya lionekane kama mvua au mawimbi: ndivyo dunia ilivyo, usiulize. Kisasili chenye nguvu hakihitaji hata kusema uongo. Kinachagua tu cha kukuonyesha.

Ziwa letu nalo lina visasili vyake

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya. Kusini ya Mbaha kuna Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jiwe kubwa lililofanana na sanamu ya Misri. Agosti 1914, vita vilipoanza, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilifika pale na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba kuna vita, na yeye na nahodha wa Kiingereza walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Lakini gazeti la The Times la London lilitangaza tukio hilo kuwa ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa. Watu wa London wakasoma, wakajisikia wakubwa. Wavuvi wa pwani yetu, ambao ziwa ni lao na vita si vyao, hawakuwa na nafasi kwenye hadithi.

Baada ya vita ile ikaenea ngoma. Mnaifahamu mganda: mistari iliyonyooka, mavazi nadhifu, hatua za gwaride. Mganda ni ndugu wa beni, ngoma iliyoanza pwani ya Lamu na Mombasa miaka ya 1890 na kusambazwa bara na askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hizo mwaka 1975. Vyama vya beni vilikuwa na wafalme wao, maofisa wao, vyeo vyao. Sasa, je, kijana aliyecheza gwaride la mkoloni alikuwa anamtamani mkoloni au anamcheka? Nadhani yote mawili. Na zaidi ya hapo, vyama vile vilizikana na kusaidiana. Watu walichukua picha ya nguvu, wakaigeuza kuwa chombo chao.

Nalitaja hili mapema ili mtu asiniambie baadaye kwamba frateri anachukia muziki. Utamaduni wa watu unaweza kumpigia saluti mwenye nguvu, na unaweza kumvua nguo. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Ndio Mzee", wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu huku umati ukiitikia, na nchi nzima ikacheka, maana kila mtu alimtambua mgombea wake. Huo ulikuwa wimbo wa kuvunja kisasili. Swali letu basi ni hili: nyimbo na filamu tunazozimeza sasa hivi, zinatufungua macho au zinatufumba?

Hadithi ya kwanza: kafara

Hadithi hii inasema nyuma ya kila mali kubwa kuna siri ya giza. Mtu kamtoa mama yake, kamtoa mwanawe, amekula kiapo, ana nyoka chumbani anayetema noti. Tumeikuta kwenye filamu za Nigeria, kisha kwenye Bongo Movie, kisha kwenye vibanda umiza, sasa iko kwenye video fupi za simu zenye muziki wa kutisha na mduara mwekundu kwenye kidole cha msanii.

Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, nchi ilikuwa bado inalia wakati uvumi wa Freemason ulipoanza kusambaa. Hakuna aliyeleta ushahidi, lakini uvumi ulikimbia kuliko gari la kubebea maiti. Familia iliyofiwa ikalazimika kubeba msiba na maneno ya watu kwa pamoja. Na matapeli hawakulala. Mpaka leo mnaona vibandiko kwenye nguzo za umeme, vina namba ya simu na ahadi ya kukuunganisha ili utajirike. Wanaopiga namba zile hawapati utajiri, wanatuma hela ya "fomu".

Sasa tuulize: hadithi hii inamfanyia nini maskini? Inamwambia ukweli nusu, na ndiyo maana ina mvuto. Inamwambia kwamba mali ya baadhi ya watu ina damu ndani yake, kwamba mtu mwingine amelipa. Hapo maskini anaitikia, kwa sababu anajua moyoni kuwa kuna kitu hakijakaa sawa. Lakini papo hapo hadithi inampeleka njia isiyofika. Badala ya kutafuta mkataba, bei na risiti, anatafuta nyoka. Na nyoka hapatikani, kwa hiyo kesi haiishi wala haianzi.

Hadithi ya pili: kupambana

Hadithi ya pili ni ya mchana, haina giza. Kijana katoka chini, hakuwa na kitu, alilala njaa, alidharauliwa, akapambana, leo anamiliki. Tunaijua kupitia watu halisi. Diamond Platnumz amekulia Tandale, na hakuna anayeweza kumnyima sifa ya kazi yake. Kipaji ni kipaji, jasho ni jasho.

Tatizo linaanza pale maisha ya mtu mmoja yanapogeuzwa kuwa sheria ya maisha ya wote. Ikiwa yule ametoka kwa kupambana, basi wewe ambaye hujatoka hujapambana. Mama anayeamka saa tisa usiku kusubiri mtumbwi, akaanika usipa juani, akageuza, akafukuza kunguru, akabeba hadi barabarani, huyo naye tunamwambia hajapambana? Msichana anayepalilia kahawa milimani huko Umatengo tangu ana miaka saba, hajapambana? Kama kupambana kungekuwa tiketi, pwani yote ya Nyasa ingekuwa ya mamilionea.

Na angalieni hadithi hii inamalizikia wapi siku hizi. Mastaa wale wale waliotufundisha kwamba mafanikio ni jasho, wengine wao ndio wanaotangaza kampuni za kubeti. Kijana wa ziwani anaambiwa asubuhi kwamba utajiri ni bidii, jioni anaambiwa ni mkeka. Akiliwa, anajilaumu mwenyewe: sikuchagua timu vizuri, sikujiongeza. Hela imeondoka kijijini imekwenda mjini, na aliyeipoteza ndiye anayeona aibu. Kisasili kizuri kwa mwenye nguvu ni kile kinachomfanya mnyonge aone aibu kwa niaba ya aliyemnyonya.

Mizani isiyoonekana kwenye video

Hadithi hizo mbili zinaficha nini hasa? Tuchukue mfano wa nyumbani, wilaya ya Mbinga, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa wilaya moja na sisi watu wa Nyasa. Wakulima wa kahawa wanalijua neno "magoma": kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kabla ya mavuno, kwa mtu mwenye fedha taslimu.

Tuseme, kwa mfano tu, familia inahitaji shilingi 100,000 mwezi wa Januari. Mtoto anafungua shule, kahawa bado ni mbichi. Jirani mwenye hela anatoa 100,000 na kuandikiwa gunia litakalovunwa katikati ya mwaka. Tuseme gunia hilo lingeuzwa kupitia AMCOS kwa 300,000. Basi familia imekopa laki moja kwa miezi sita na kulipa laki tatu. Mwaka unaofuata wanaanza Januari wakiwa na mapengo makubwa zaidi, wanarudi kwa mtu yule yule. Baada ya miaka kumi jirani ana nyumba ya bati la rangi na pikipiki mbili.

Sasa kijiji kinakaa kuijadili nyumba ile. Upande mmoja: "Ana ndagu huyo." Upande mwingine: "Amepambana, tumuige." Hakuna anayesema: "Tufungue daftari tuone mahesabu." Jirani mwenyewe hana haja ya kukanusha lolote. Akiitwa mchawi, anaogopwa, wadeni wanalipa haraka. Akiitwa mpambanaji, anaheshimiwa, anapewa uenyekiti wa harambee. Kwa hadithi zote mbili anabaki salama. Kitu pekee ambacho kingemsumbua ni hesabu.

Na kama ni usipa, mambo ni yale yale. Nani anaamua ndoo ijazwe hadi wapi? Nani anapanga bei siku ambayo gari liko moja tu? Kama ni mahindi, kuna lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, ambalo sheria ya vipimo inalikataza lakini mkulima analijaza kwa sababu mnunuzi amesema hivyo. Nabii Amosi, sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza uzito wa mizani. Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unamlilia Mungu. Hao watu wa Biblia hawakutafuta nyoka chumbani. Walikwenda moja kwa moja kwenye mizani na kwenye mshahara.

Nani alitenda dhambi?

Kuna tukio katika Injili ya Yohane, sura ya 9, ambalo kwangu ni ufunguo. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanamuuliza Yesu kama aliyetenda dhambi ni huyu mwenyewe au wazazi wake. Ona swali lilivyo na milango miwili tu, kama mabishano yetu. Kosa ni lake, au kuna siri mbaya ya familia. Kupambana au kafara. Yesu anaikataa milango yote miwili. Hamlaumu kipofu, halaumu ukoo wake. Anatema mate chini, anafanya tope, anashika kazi.

Halafu tazameni kinachofuata. Wenye mamlaka hawafurahii. Wanamhoji kipofu, wanawahoji wazazi, na wazazi wanaogopa kujibu. Mwishoni wanamfukuza aliyeponywa. Kwa nini? Kwa sababu hadithi ya zamani ilikuwa na kazi. Kipofu akiwa mwenye dhambi, kila mtu yuko mahali pake. Kipofu akiona, mpangilio wote unatikisika.

Hadithi inayoua

Nilisema watu wameuawa. Mwanzoni mwa mwaka 2019, mkoani Njombe, jirani zetu hapa, watoto walitekwa na kuuawa kikatili, na viongozi wa serikali walihusisha mauaji hayo na imani za kishirikina za kutafuta utajiri. Kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa, hasa Kanda ya Ziwa Victoria, kwa sababu mtu fulani aliambiwa kiungo cha binadamu huleta samaki au dhahabu. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wasiosajiliwa, lakini huwezi kukipiga marufuku kitu ambacho watu wanakisimulia kila jioni.

Sisemi filamu fulani ilimuua mtoto fulani. Nasema hivi: watu wanaposimuliana kila siku kwamba mali hupatikana kwa kumtoa mtu, lazima atokee mmoja atakayelichukua hilo kama maelekezo. Na mwingine atakayelichukua kama ushahidi wa kumpiga bibi kizee mwenye macho mekundu. Sisi tulioshea ile video "kwa utani tu" tulikuwa kwenye msafara huo. Mizani ya mwenye nguvu ikabaki salama, na aliyelipa ni mtoto.

"Lakini frateri..."

Najua mnayo maswali. Nijibu matatu.

La kwanza: "Frateri, unakataa kwamba shetani yupo? Na si Kanisa lenyewe limekataza Freemason?" Sikatai. Shetani yupo. Na ni kweli, tarehe 26 Novemba 1983 Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilikumbusha kwamba Mkatoliki haruhusiwi kujiunga na vyama hivyo. Lakini Kanisa likikataza kujiunga, halijakupa ruhusa ya kumtangaza jirani kuwa amejiunga. Amri ya nane bado ipo. Katekisimu, namba 2477, inataja hukumu ya haraka na kusingizia kuwa makosa dhidi ya heshima ya mtu. Na kama unataka kujua shetani anafanyia wapi kazi, usisahau kwamba Yesu alimwita baba wa uongo. Mizani iliyochezewa ni uongo wa chuma.

La pili: "Basi unatuambia tusipambane?" Hapana jamani. Kazi ni heshima ya mwanadamu, na Bwana wetu mwenyewe alishika randa na msumeno. Kinachokosewa ni kutumia neno kupambana kumhukumu aliyeanguka na kumtakasa aliyepanda. Papa Leo XIII mwaka 1891, katika Rerum Novarum, hakuwaambia wafanyakazi wa viwandani waongeze bidii. Alisema mshahara lazima umtoshe mtu kuishi, na kwamba makubaliano yaliyosainiwa kwa njaa hayawi ya haki kwa sababu tu yamesainiwa. Hebu lirudisheni neno hilo kwenye kahawa ya magoma. Jasho lako ni la kweli. Swali ni nani analikinga kwenye ndoo yake.

La tatu ndilo zito, na aliniuliza binti mmoja wa kidato cha sita: "Na Injili je? Si nayo ni hadithi inayowatuliza maskini?" Ni swali la haki, na tusilijibu kwa hasira. Kuna wakati watu wa Kanisa nao wameitumia dini hivyo, wakimwambia mnyonge asubiri mbinguni huku wao wakila hapa. Mtakatifu Augustino aliujua mchezo huo. Katika Mji wa Mungu anasema watawala wa kale waliwafanya watu waamini mambo ambayo wao wenyewe walijua ni ya uongo, ili wawafunge vizuri zaidi. Na anaonyesha kwamba miungu ya jukwaa la michezo na miungu ya serikali ya Roma ilikuwa ile ile: ukumbi wa burudani uliilisha ikulu.

Lakini kuna tofauti moja ambayo mwanafalsafa Mkatoliki René Girard, aliyefariki mwaka 2015, aliitumia maisha yake kuieleza. Visasili husimuliwa na waliotoa kafara. Ndani yake aliyeuawa huwa na hatia siku zote: alileta tauni, alikuwa na jicho baya, alistahili, na baada ya kifo chake mji ukatulia. Injili inasimulia tukio lile lile kutoka upande wa aliyeuawa. Kayafa ndiye mwenye hoja ya kafara, kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima kuangamia. Na Injili inasimama wima mbele ya hoja hiyo na kusema: huyu mtu hakuwa na kosa. Ndiyo maana msalaba hauwezi kuwa kisasili kama vingine. Umekuja kufunua siri ya vyote. Mtu akiitumia Injili kumnyamazisha anayeonewa, amemrudisha Kayafa kwenye mimbari.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, alituonyesha kitu kinachofanana. Neno la maji linawaunganisha watu dhidi ya Mjerumani, kisha linakua kuliko mtu aliyelisema, na risasi hazigeuki maji. Sisi watu wa Ruvuma tunajua gharama yake. Songea kuna makaburi ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Hata hadithi inayosimama upande wa wanyonge inahitaji ukweli ndani yake, vinginevyo inawaacha mbele ya bunduki mikono mitupu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, ukitazama video, wimbo au filamu yoyote inayozungumzia mali, jiulize maswali matatu. Nani amelipa gharama ya hiki ninachokiona? Nani anafaidika mimi nikiamini hivi? Na nani hayumo kwenye picha? Swali hilo la tatu litakufundisha mengi kuliko alama zote za vidole.

Pili, acha kushea video za kumtuhumu mtu. Hata kwa utani. Hata ukiandika "sijui kama ni kweli". Kama ungeambiwa hayo juu ya mama yako siku ya msiba wake, usingecheka.

Tatu, jumuiya zetu na vikundi vya VIWAWA viwe na daftari. Daftari la kawaida la shilingi chache. Andikeni bei ya usipa kila wiki, bei ya kahawa na mahindi, nani alinunua, kwa kipimo gani. Msimu ukiisha mtakuwa na kitu ambacho kijiji hakijawahi kuwa nacho: kumbukumbu. Mnaweza kwenda nayo kwenye mkutano wa kijiji, kwenye AMCOS, kwa watu wa vipimo. Mnaweza hata kuanzisha mfuko mdogo wa kukopeshana Januari, ili mtu asiuze kahawa ikiwa maua. Siahidi itakuwa rahisi. Mtu mwenye mizani atawaita wachochezi, na inawezekana ni mtu anayekaa benchi la mbele kanisani na kutoa bahasha nene. Hapo ndipo mtakapojua kama imani yenu ni ya nyimbo tu.

Nne, tungeni. Mna simu, mna sauti, mna mganda na kioda. Kama wengine wanaimba magari, ninyi mwimbeni mama wa usipa na kipimo cha ndoo yake. Bikira Maria alipofika kwa Elizabeti aliimba juu ya wenye nguvu kushushwa katika viti vyao na wenye njaa kushibishwa, na Kanisa linauimba wimbo huo kila jioni katika Masifu. Tuuimbe tukijua tunachokisema.

Sala: Bwana Yesu, uliyekataa kumhukumu kipofu na wazazi wake, utufungue macho. Utuondolee furaha ya kumsema vibaya mwenzetu na woga wa kumuuliza mwenye mizani. Uwapokee watoto walioondolewa kwetu kwa ajili ya tamaa ya mali, uwafariji wazazi wao. Utufundishe kulipana haki. Amina.

Tuombeane, wapendwa.